Gesi Inavuja, Lakini Gesi Ipi?

Jumamosi moja usiku, hapa tunapopanga Tabata, mpangaji wa chumba cha uani alisikia mlio wa "sssss" ukitokea nyuma ya friji ya jirani yake. Hakusubiri kuuliza. Akapiga ukunga, "Gesi inavuja!", na kufumba na kufumbua uwanja ukajaa watu waliovaa kanga na bukta, watoto wamebebwa mgongoni hadi barabarani, mwenye nyumba keshazima umeme kwenye meinswichi. Mwenye friji akaja mbio kutoka dukani, kicheko kimemjaa.

"Shikamoo mama. Hiyo siyo gesi ya kupikia. Ni gesi ya bia tu."

"Marahaba. Gesi ni gesi, mwanangu. Kitoe hicho kitu ndani ya nyumba yangu."

Kijana mmoja mjuaji akaingiza kichwa mlangoni, akanusa mara mbili tatu, akatoa hukumu: "Mbona hainuki? Kama hainuki, haivuji."

Walikosea wote watatu, na mimi niliyesimama pembeni na taulo sikuwa na la kuwasahihisha. Jirani huyo hujitengenezea bia mwenyewe na kuihifadhi kwenye kegi, pipa la chuma linaloshindiliwa gesi; siku za Simba na Yanga marafiki zake wanakuja kuangalia mpira. Baada ya usiku ule nilikaa naye Jumapili kadhaa tukiusaka uvujaji wake, na kitu cha kwanza nilichokigundua ni kwamba kinachotuchanganya ni neno lenyewe. "Gesi" kwetu ni jina la ukoo. Ndani yake kuna watu wenye tabia tofauti kabisa.

Gesi tatu, jina moja

Ya kwanza ni ile ya mtungi wa kupikia, mchanganyiko wa propani na butani. Ndiyo inayozungumzwa kila kona tangu serikali itoe mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo. Wengi wanaamini inatoka Mtwara. Haitoki huko, inaletwa na meli kutoka nje. Inawaka, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja inatambaa sakafuni na kujikusanya pembeni na chini ya kabati. Kwa asili yake haina harufu. Ile harufu ya kitunguu kilichooza ni dawa inayoongezwa makusudi ili pua zetu zipate habari mapema.

Ya pili ni gesi asilia, hiyo sasa ndiyo ya Songo Songo na Mtwara. Ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Karibu yote ni methani, inawaka, ila ni nyepesi kuliko hewa: ikivuja inapanda juu. Hiyo ndiyo inayozungusha mitambo ya umeme Ubungo na Kinyerezi, na ndiyo inayowekwa kwenye magari na bajaji.

Ya tatu ni ya jirani yangu: hewa ukaa, ile tunayoitoa mapafuni kila tunapopumua, ileile inayotoa mapovu kwenye soda. Haiwaki. Kuna mitungi ya kuzimia moto iliyojazwa hewa ukaa tupu, haina kingine ndani. Wala si kitu cha kigeni, maana nchini kwetu inachimbwa kutoka ardhini wilayani Rungwe, mkoani Mbeya. Haina harufu na hakuna anayeiongezea harufu, kwani itaingia kwenye kinywaji.

Sasa turudi kwa washitakiwa wetu. Mwenye nyumba alizima umeme kwa nia njema, lakini ingekuwa ni gesi ya kupikia kweli, swichi ndiyo ya kuogopa kuliko vyote. Cheche ya kuwasha au kuzima taa inatosha. Gesi ya kupikia ikinuka ndani, unafunga mtungi, unafungua milango na madirisha, unaacha swichi kama ulivyozikuta, unatoka, na ukishakuwa mbali unapiga 114 kwa Zimamoto. Yule kijana mjuaji pua yake ilikuwa inatafuta harufu ambayo haikuwahi kuwepo. Na jirani yangu, aliyesema "gesi ya bia tu", hiyo "tu" yake ndiyo iliyonikaa moyoni zaidi.

Hewa ukaa nayo ni nzito kuliko hewa, mara moja na nusu. Kilo moja ikitoka mtungini inageuka kuwa zaidi ya lita 500 za gesi. Mtungi wa jirani yangu ni wa kilo 5. Chukua chumba cha kupanga cha mita tatu kwa tatu, funga dirisha, halafu wazia mtungi wote umetoka kwa mkupuo: hewa ukaa itafika takriban asilimia 10 ya hewa ya chumba, wakati ya kawaida haifiki hata nusu ya asilimia moja. Kwenye asilimia 10 mtu anaweza kupoteza fahamu ndani ya dakika chache. Wenzetu wa Goma, huko Kongo, wana neno la Kiswahili kwa jambo hili: mazuku. Ni mabonde madogo karibu na volkano ambako hewa ukaa hutoka ardhini na kutulia chini kama maji kwenye bakuli. Mbuzi akishuka kula majani hapandi tena.

Nisikutie hofu kupita kiasi. Uvujaji wa kawaida wa kegi ni wa gramu chache kwa saa, na nyumba zetu za madirisha ya nondo na wavu zinapitisha upepo. Hatari iko kwenye stoo isiyo na dirisha, chumba cha kiyoyozi kilichozibwa kila tundu, na gari lililofungwa vioo huku mtungi umelala kiti cha nyuma. Kichwa kikianza kugonga, pumzi zikienda mbio bila sababu, na mtungi uko chumbani nawe, toka nje kwanza, maswali baadaye. Usitegemee mshumaa, mtu anaweza kuzidiwa na hewa ukaa huku mshumaa bado unawaka vizuri.

Mtambo wenyewe ulivyo

Ni rahisi kuliko unavyoonekana. Kuna mtungi wa hewa ukaa. Juu yake kuna regyuleta yenye geji mbili, moja ya kuonyesha nguvu ya gesi ndani ya mtungi, nyingine ya kuonyesha nguvu ya gesi inayotoka. Kutoka hapo mpira unakwenda kwenye kegi, yaani pipa la chuma kisichoshika kutu. Zinazopendwa nyumbani ni za lita 19, ambazo zamani zilitengenezwa kwa ajili ya soda. Kegi ina mdomo mkubwa wenye mfuniko juu, na chuchu mbili: moja gesi inaingilia, nyingine bia inatokea kwenda kwenye koki.

Nguvu ya gesi twende nayo kwa lugha ya fundi pancha. Tairi la gari dogo anakujazia psi 30 hivi. Kegi yenye bia baridi inataka kama 12 tu. Lakini ndani ya mtungi, kwa joto la Dar la nyuzi 30, kuna psi 1,000 na zaidi. Regyuleta ndiye konda aliyesimama mlangoni: nyuma yake kuna umati unasukumana, yeye anaruhusu wachache wachache. Ndiyo maana usijaribu kamwe kufunga regyuleta ya jiko kwenye mtungi huu. Ile ilitengenezwa kwa mtungi wenye nguvu ndogo mara nyingi zaidi. Fundi akikwambia "itaingia tu, tutaiunga", mshukuru, kisha ondoka na mtungi wako.

Uvujaji ambao si uvujaji

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza muda na fedha, na jirani yangu hakuachwa nyuma.

Kisa chake cha kwanza: alileta mtungi mpya, geji kubwa ikasoma kama 1,000. Akauingiza kwenye friji pamoja na kegi, akalala. Asubuhi geji inasoma kidogo zaidi ya 500. Akanigongea mlango saa kumi na mbili, uso umemshuka: nusu ya gesi imekwenda usiku mmoja! Haikuwa imekwenda hata gramu. Ndani ya mtungi sehemu kubwa ya hewa ukaa iko katika hali ya maji, na juu yake ndipo ilipo gesi. Maadamu hayo maji yapo, geji haisomi kiasi kilichobaki, inasoma joto. Kwenye nyuzi 30 ni zaidi ya 1,000, kwenye nyuzi 4 za friji ni karibu 560, na humo kwenye friji ni hivyohivyo, iwe mtungi umejaa au umebaki robo. Geji huanza kushuka kikweli wakati maji yamekwisha, na kwa mtungi ulio kwenye friji, hapo unakuwa umebakiwa na kidogo. Anayetaka kujua kiasi kilichobaki aulize mizani, asiulize geji. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa juu ya chuma chenyewe, kama kwenye mitungi ya kupikia.

Kisa cha pili: alijaza kegi gesi hadi 30, akafunga mtungi, baada ya saa mbili geji ndogo ikasoma 15. Akaanza kukaza kila nati aliyoiona. Kumbe bia ilikuwa changa, haijashiba gesi, na bia baridi inainywa hewa ukaa kama mchanga mkavu unavyonywa maji. Gesi ilikuwa ndani ya kegi palepale, imehama tu kutoka juu ya bia kwenda ndani ya bia. Kwa hiyo kupima uvujaji kwa kegi yenye bia changa ni kujidanganya. Pima kwa kegi tupu, au ile ambayo bia yake imekwisha kushiba.

Hata kegi tupu ina hila yake. Ukiijaza hadi psi 30 ukiwa sebuleni kwenye joto, halafu ukaiingiza kwenye friji, itashuka hadi 26 hivi kwa sababu ya baridi peke yake. Chombo ulichokipima kwenye joto kipime tena kwenye joto.

Basi utajuaje kama kweli kuna uvujaji? Fanya hesabu ya duka. Kuishibisha na kuisukuma nje bia ya kegi moja ya lita 19 kunahitaji kama gramu 150 za hewa ukaa. Kilo 5 zingetosha kegi 30 na zaidi. Jirani yangu alikuwa amemaliza mtungi kwa kegi mbili.

Kuusaka

Anza kwa kuligawa tatizo, kama fundi umeme anavyozima sakiti moja moja. Chomoa mpira kwenye kegi. Fungua mtungi, weka psi 30 kwenye regyuleta, halafu ufunge mtungi. Sasa umebaki na regyuleta na mpira peke yake, vimebana gesi. Weka alama ya kalamu kwenye vioo vya geji zote mbili, nenda kalale. Asubuhi mishale ikiwa palepale, upande huo ni salama na mwizi yuko kwenye kegi. Ikiwa imeshuka, mwizi yuko kati ya mtungi na ncha ya mpira. Sisi asubuhi tuliikuta geji kubwa imelala kwenye sifuri.

Baada ya hapo linakuja povu. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kidogo, kwenye maji ya kikombe, iwe na utelezi wa kutosha. Usiikoroge hadi itoe mapovu. Unataka povu litengenezwe na gesi, siyo na mkono wako. Sisi tulitumia sponji, ingawa chupa ya kupulizia ni bora zaidi. Pakaa kwenye kiungo kimoja, kisha subiri. Kusubiri ndiko kunakowashinda watu. Uvujaji mkubwa utakutolea puto hapohapo, lakini ule mdogo unaomaliza mtungi kwa wiki mbili hutoa vipovu vyeupe vidogo sana, kama povu la maziwa yanayotaka kuchemka, na huonekana baada ya dakika tatu nne. Washa tochi ya simu, lenga kwa pembeni.

Kiungo cha kwanza cha kushuku ni pale regyuleta inapoungana na mtungi. Pana washa pale, yaani kipete cha kuzibia, na washa hiyo ikishabanwa mara kadhaa huchoka, au mtu anapobadilisha mtungi inadondoka na hakuna anayegundua. Hapo ndipo watu wanapozungusha tepu nyeupe ya mafundi bomba. Haisaidii kitu. Nyuzi za nati kazi yake ni kuvuta vyuma viwili vikaribiane. Anayezuia gesi ni washa iliyobanwa katikati yao. Tepu ikikatika vipande inaweza hata kuingia kwenye regyuleta na kuiharibu. Na kukaza kwa nguvu zote, spana ndefu, mguu ukutani, kunaikata washa. Kama imekazwa vya kutosha na bado inatoa povu, fungua ubadilishe washa, usiongeze misuli.

Halafu fuata mpira: klipu za ncha zote mbili, na ile kichwa inayojibana kwenye chuchu ya kegi. Kwa kawaida kichwa cha gesi ni cha kijivu na cha bia ni cheusi. Ukikibandika cha gesi upande wa bia kinaweza kuingia kwa kulazimisha na usikitoe tena.

Ukifika kwenye kegi, kumbuka fundi pancha na karai lake. Yeye hapakazi sabuni tyubu nzima. Anaizamisha na kuangalia vipovu vinatokea wapi. Kegi tupu iliyojazwa gesi unaweza kuizamisha kichwa chini kwenye pipa la maji la uani (omba ruhusa kwanza, sisi hatukuomba) ukaona kila kitu kwa dakika moja: mfuniko, chuchu zote mbili, na kile kipini cha kupunguzia gesi. Regyuleta haizamishwi majini hata siku moja.

Mfuniko una tabia inayowashangaza wengi. Kwenye kegi hizi hauzuiliwi na nati. Unasukumwa kutoka ndani na gesi yenyewe, ukabana oringi yake, ile pete ya mpira, kwenye mdomo wa kegi. Kwa hiyo gesi ikiwa ndogo, mfuniko unavuja. Ikiwa kubwa, unanyamaza. Mtu anaweka psi 5, anasikia "sss", anapunguza zaidi kwa woga, na mlio unazidi. Dawa ni kwenda kinyume: paka oringi grisi inayofaa kwa vyombo vya chakula, weka psi 30 mara moja mfuniko ukae sawasawa, kisha rudisha chini. Usipake mafuta ya kupikia, yanaozea pale na kuharibu ladha.

Huo ndio mlio uliotutoa nje usiku ule. Oringi ya mfuniko ilikuwa imekauka na kupata mkunjo kama mdomo wa mtu aliyelamba ndimu. Tuliibadilisha, kegi ikawa kimya, jirani akashangilia. Wiki iliyofuata mtungi ulikuwa umepungua tena. Aliyekuwa anamwibia kweli hakuwa na mlio wowote: washa ya pale juu ya mtungi, iliyotoa vipovu vidogo kiasi kwamba mara ya kwanza tulipita tukisema ni sabuni tu. Uvujaji unaosikika una faida moja, unakuita. Huu mwingine tuliukuta kwa sababu mishale ya geji ilikuwa imelala, nasi tukarudi na sponji, tukakaa juu ya vigoda tukiangalia kiungo kimoja kwa dakika tano nzima.

Washa mpya ilikuwa ndogo kuliko sarafu ya shilingi mia. Baada ya kuifunga, jirani alipima mtungi kwa mizani ya kuning'iniza ya mabegi ya safari, akaandika uzito kwa chokaa ukutani, akajizuia kuonja bia kwa siku saba ili hesabu isichafuke. Jumapili mama mwenye nyumba alikuja mwenyewe kusimamia kipimo, mikono kiunoni.

"Imepungua?"

"Haijapungua, mama. Mizani inasoma ileile."

Akautazama ukuta wake ulioandikwa chokaa, akautazama mtungi, kisha akaenda moja kwa moja kwenye dirisha la nyuma ya friji, akalisukuma mpaka likafunguka lote, akaweka jiwe lisijifunge.

"Hapo sawa," akasema. "Na huo ukuta utaupaka rangi."